Watumiaji Elfu Kumi wa Bwana Kijani

Ofisini walimwita Dada Mzigo. Kazi yake ilikuwa kuzitwisha tovuti mzigo kabla hazijafunguliwa: anaunda watumiaji bandia kwa maelfu, anawarusha kwa mpigo, halafu anaangalia tovuti itahimili au itazimia. Miaka kumi na miwili alifanya kazi hiyo, na bosi wa kufurahia majibu yake hajawahi kumwona.

Safari hii bosi alikuwa Bwana Kijani, aliyeitwa hivyo kwa sababu ripoti zake hazikuwahi kuwa na mstari mwekundu. Tai, marashi, na "tuko vizuri" kabla hujamaliza swali. Kazi haijui, lakini mdomo, lo! Akapewa tovuti ya kuandikisha wanafunzi wa chuo cha uuguzi. Nafasi mia mbili, anayewahi ndiye anayepata, Jumatatu saa mbili asubuhi. Binti wa mdogo wake Dada Mzigo alikuwa ameisubiri Jumatatu hiyo kwa miaka miwili.

Ijumaa Bwana Kijani akaja na kipimo alichokifanya mwenyewe, anameremeta.

"Elfu kumi, na hakuna aliyesubiri hata sekunde!"

Dada Mzigo akachungulia. Wote elfu kumi walikuwa na jina moja na namba moja. Tovuti ilimjibu wa kwanza, ikaliweka jibu kichwani, waliobaki ikawarudishia lilelile.

"Bosi, huyu ni mtu mmoja kapiga hodi mara elfu kumi."

Akapima upya, kila mtumiaji na jina lake. Walipofika mia tatu, tovuti ikalala chali.

"Wewe nawe kwa nuksi!" Bwana Kijani akacheka. "Nani atafungua dakika hiyohiyo? Saini hapo kwamba imefaulu, mkurugenzi anasubiri."

Angeweza kupanda ghorofani kwa mkurugenzi, ngazi ishirini tu. Akamtazama yule mpuuzi na tai yake, akasaini. Woga hakuwa nao hata chembe. Aliona raha. Acha imwangukie, aumbuke mchana kweupe! Wataahirisha, wataitengeneza, binti ataomba wiki ijayo.

Jumatatu saa mbili na dakika moja ikaanguka. Hakuna aliyeahirisha kitu. Iliinuka, ikaanguka, na kila ilipoinuka wachache wakapenya. Saa nne nafasi zikawa zimekwisha. Bwana Kijani alikuwa kwenye korido anakunywa chai, tai imenyooka.

Simu ikaita. Mdogo wake.

"Dada, mtoto amekosa. Ukurasa ulizunguka tu mpaka mwisho. Tumelalamika, wametujibu eti mfumo ulipimwa na mtaalamu akaweka saini, tatizo ni simu yetu." Akavuta kamasi. "Wewe unawajua watu wa kazi hiyo. Hivi huyo mtaalamu ni mtu wa namna gani?"

Dada Mzigo akasema hamjui.