Chokaa ya Arobaini

Kodi ya serikali kwa nyumba yetu ilitushinda, na kuta zenyewe zilikuwa na nyufa za kupitisha mkono. Mume wangu aliona haya kwenda kuomba tupunguziwe, kwa hiyo nilikwenda mimi. Ofisini wakasema atakuja mtu kuzitazama. Akaja asubuhi ya arobaini ya mume wangu.

Shemeji zangu walikuwa wamemtangulia. Kwetu hitima haisomwi katika nyumba isiyotazamika, basi waliziba kila ufa kwa udongo, wakapaka chokaa nyumba nzima. Yule bwana wa serikali, mtu wa kusini, akazunguka akiisifu.

"Mama, nyumba bonita hii, nzuri kweli. Ingekuwa yangu!"

"Nyufa zipo chini ya chokaa."

"Mimi naandika ninachokiona."

Nikachukua kisu jikoni, nikaanza kukwangua. Shemeji mkubwa akaja mbio.

"Shemeji! Leo? Watu wamo ndani wanamsifu marehemu, wewe huku unambomoa?"

Ufa ulipotokea, yule bwana akauliza ulisababishwa na nini. Ningeweza kusema mvua. Nikasema mume wangu alijenga mwenyewe, kwa mchanga wa chumvi aliouchota ufukweni Tungue, ingawa nilimkataza.

"Kwani alikuwa fundi?"

"Hapana. Alikuwa mume mwema."

Akaandika, na kodi ikapunguzwa. Shemeji zangu walikula pilau yote, wakaondoka bila kuniaga, na chokaa iliyobaki wakaichukua.