Mwanamke Aliyenifundisha Kuegemea

Habari ya kifo chake ilinifikia asubuhi nikianika nguo nyuma ya nyumba yetu, Chaani. Mume wangu alikuja na simu mkononi, akasimama upande wa pili wa mashuka yaliyokuwa yakipepea, akasema polepole, "Yule mama wa Frere Town ametutoka." Kwa muda niliona kivuli chake tu kwenye shuka, na sauti ikawa kama inatoka mahali pa mbali ambako watu huzungumza bila haraka. Marehemu hakuwa jamaa yangu wala rafiki wa kutembeleana. Alikuwa muuguzi mstaafu aliyesomea ushauri wa ndoa uzeeni, akawapokea watu katika chumba cha uani kwake: viti viwili vinavyotazamana, cha tatu pembeni cha kukalia yeye, na pazia la buluu lililojaa upepo alasiri nzima. Nilimjua miezi michache tu. Lakini kama si yeye, mtu aliyeniletea habari ile asingekuwa anaishi nami.

Wasomaji wangu wa siku nyingi mnajua kwamba niliacha shule mapema. Wazazi wetu walipofariki niliachiwa wadogo wanne, na mkubwa hana wa kumtegemea. Yeye ndiye hutegemewa. Niliwalea, wakasoma, wakaoa na kuolewa, nami nikabaki na tabia niliyoidhani ni nguvu: nikiumwa, sisemi. Basi madaktari waliponiambia nina uvimbe tumboni na sharti nipasuliwe, nilipika chakula cha siku mbili, nikapiga pasi sare za watoto, nikamwambia mume wangu nakwenda Kilifi kumjulia hali mdogo wangu. Hospitalini wakataka nambari ya jamaa yangu wa karibu. Miaka yote mimi ndiye niliyeandikwa jamaa wa karibu wa wadogo zangu, na mkono ukaandika ulivyozoea: jina langu, nambari yangu.

Nikizinduka kutoka kwenye usingizi wa dawa nilisikia simu ikilia, kama iko chini ya maji. Muuguzi alikuwa akimpigia jamaa yangu kumpa habari kwamba nimetoka salama, na simu ikalia mkobani mwangu, chini ya kitanda changu mwenyewe. Wauguzi wakacheka. Kabla hawajamaliza kucheka ikalia tena. Safari hii alikuwa mume wangu, akiuliza soksi za mtoto ziko wapi.

"Mgonjwa hawezi kuzungumza sasa," muuguzi akamwambia. "Wewe nani?"

"Mimi mumewe. Mgonjwa gani?"

"Mbona huku hukuandikwa, bwana?"

Alifika na grisi mikononi, moja kwa moja kutoka gereji ya malori Changamwe anakofanya kazi. Alininywesha uji, akaniuguza wiki tatu bila neno la lawama. Siku niliyoanza kutembea vizuri nikamkuta akikunja mashati yake. Anahamia kwa kaka yake, Likoni. Nikamuuliza kosa langu. "Huna kosa," akasema. "Nyumba hii yajiendea. Niwepo nisiwepo, wewe hunihitaji." Nikamwomba twende kwanza kwa yule mama mshauri wa Frere Town, mara moja tu. Jirani yetu alipopata habari akamtania kibarazani: "Wallahi, watoto watatu, na leo mwaenda kufundishwa mapenzi! Hao mliwapataje?" Mume wangu akamjibu, "Kuzaa twajua. Kuzungumza ndiko kunakotushinda."

Nilitarajia kikao kama vya wazee: nani mkosa, nani aombe radhi. Yule mama hakuuliza kosa. Aliniuliza, "Ulipokuwa mdogo, ukiogopa, ulimkimbilia nani?" Nikamjibu, "Wadogo zangu ndio walionikimbilia mimi." Akatikisa kichwa taratibu. "Mtoto akianguka, hutazama kwanza kama mamake yupo, ndipo alie. Mtu mzima ni vivyo hivyo. Wewe ulijifunza kuanguka bila kutazama." Akamgeukia mume wangu, ambaye mamake alimwacha kwa bibi yake akiwa mdogo. "Na wewe, baba, ukiona mlango umefungwa?" "Naondoka kabla sijafukuzwa." Akasema, "Basi nyinyi mnatafutana. Mmoja kwa kunyamaza, mwingine kwa kuondoka."

Nikaanza kumsimulia nilivyojihisi siku ya kupasuliwa. Akanikatiza. "Mimi si mumeo, mwanangu. Mwambie yeye." Pazia likajaa upepo, likashuka, likajaa tena. "Niliogopa kufa," nikamwambia mume wangu. "Na niliogopa nikikuambia nawe utaogopa, halafu nani atatushika?" Akasema, "Tungeogopa pamoja, mama watoto. Kwani wadhani mie siogopi nikiwa chini ya malori?" Sikuwa najua. Miaka kumi na minne ya ndoa, na sikuwa najua. Hata hivyo hakufungua begi siku ile. Mashati yalikaa begini mpaka tulipokwenda mara ya nne.

Nawaza jinsi mitaa yetu hii ya Changamwe ilivyojaa watu waliokuja kutafuta kazi bandarini na viwandani, wakawaacha mbali mashangazi na mabibi ambao zamani wangewakalisha kitako. Wengine, kama mimi, hatukuwa nao tangu mwanzo. Tunafunga ndoa, kila mmoja akiwa amebeba mlango wa nyumba aliyokulia, na tukiufunga tunashangaa mwenzetu kubaki nje. Kinyozi hajinyoi, nami nilijinyoa miaka mingi, majeraha nikayaita mtindo.

Juzi tulimzika. Kwenye matanga nilikwenda moja kwa moja kushika mwiko, kama nifanyavyo kwenye misiba yote. Mume wangu akanifuata jikoni. "Leo kaa," akasema, nami nikakaa. Nililia mbele za watu, kichwa begani mwake, na wali ukapikwa na wengine, ukaiva.

Nyinyi wakubwa wenzangu, mliolea wadogo mkasahau kulelewa, nawaomba jambo moja. Kinachowatisha mwambieni mwenzenu kungali mapema, kwa midomo yenu wenyewe. Anayekupenda anaweza kuvumilia hofu yako. Kisichovumilika ni kuisikia kwa mtu baki.