Nilivyomfundisha Bibi Kwata

Shuleni mimi ndiye ninayewaigiza walimu. Sijisifu, ni kazi ambayo darasa lilinipa tangu kidato cha kwanza, na mpaka sasa nipo cha tatu hajapatikana wa kunipokea. Mwalimu wa zamu akiingia ghafla, wenzangu anawakuta wameshakaa, mimi bado niko mbele ya ubao nimepandisha sketi mpaka karibu na kwapa, eti ndiyo suruali ya mwalimu wa hesabu. Nayasema haya mapema ili mtu asije akadhani nilichomfanyia bibi yangu kilinitoka kwa bahati mbaya. Uzoefu nilikuwa nao.

Mjomba, mdogo wake mama, ni mwanajeshi. Mwaka huu alipanda kutoka koplo kuwa sajenti, yaani kutoka V mbili mkononi hadi V tatu. Kikosi chao kiko upande wa Handeni, na siku ya kuvishwa vyeo familia zilialikwa. Mkuu wa kikosi akataka mzazi mmoja aseme neno kwa niaba ya wazazi wote. Wazazi wa wenzake mjomba wengi wako mbali, huyu Songea, yule Kigoma. Bibi yuko hapa Korogwe, Masuguru, anaishi na mama na mimi. Mjomba akamtaja mama yake.

Bibi hajui kusoma. Mama akaniita jikoni.

"Wewe unayejua kuongea kuliko redio, mwandikie bibi yako risala, umkaririshe. Na usilete mambo yako."

"Mambo gani, mama?"

"Hayo hayo."

Mimi na bibi tuna utani wetu, kama ilivyo kwa mabibi na wajukuu wote huku kwetu. Yeye ananiita mke mwenzangu, kwa sababu kwa hesabu za utani babu ni mume wangu pia, ingawa alifariki sijazaliwa. Nikichelewa kuamka utamsikia uani, "Mke mwenzangu, mume wetu angekuwepo ungeshapewa talaka." Namjibu, "Angeanza na wewe usiye na meno." Anacheka mpaka anashika ukuta. Kwa hiyo mimi kichwani kwangu nilijua kwamba kwa bibi hakuna kisichoruhusiwa.

Siku ya kwanza ya kazi tulikaa uani na gunia la mahindi ya kupukuchua. Nikatoa daftari. Bibi akasema yeye ana maneno yake tayari.

"Nitawaambia huyu mwanangu alikuwa mwoga wa giza. Mpaka darasa la sita alikuwa haendi chooni peke yake, lazima nisimame mlangoni niimbe ili ajue nipo. Leo ndiye anayelinda watu wamelala."

Nikamkatalia. Nilimwambia kwa sauti ile ya mwalimu wa taaluma kwamba risala ya jeshi haina mambo ya chooni, ina "kwa heshima na taadhima" na "tunatoa shukrani zetu za dhati." Bibi akanitazama, akasema, "Haya, wewe ndiye msomi." Leo nikiyakumbuka maneno yake, yale ya mwanzo, naona yangeliza uwanja mzima. Mimi niliyafuta kabla hata ya kuyaandika.

Njia yake ya kukariri ilikuwa hivi: sentensi moja, hindi moja. Nasoma sentensi, yeye anachukua hindi, anapukuchua huku anairudia, na hindi likibaki gunzi tupu sentensi imeshaingia. Hairudi nyuma tena. Risala yangu ilikuwa na mahindi kumi na moja. Siku ya tatu alikuwa na saba kichwani, bila kigugumizi, na mimi nilikuwa nimechoka kuwa mtu mzima.

"Bibi," nikasema, "kuna kitu nimesahau kukwambia. Jeshini huwezi kutaja cheo cha mkubwa umesimama hivi hivi kama uko sokoni."

"Nasimamaje?"

"Ukisema 'Afande Mkuu wa Kikosi', unakanyaga. Mguu wa kulia. Unaunyanyua, goti juu, halafu chini, paa!"

"Hata wazee?"

"Wazee ndio wa mfano."

Nilikuwa nasubiri anirushie gunzi. Ndivyo utani wetu unavyoendaga, mimi natupa, yeye anarudisha. Badala yake aliweka ungo pembeni, akasimama, akakaza kanga kiunoni, akasema, "Afande Mkuu wa Kikosi," akakanyaga.

Nilicheka kwa ndani mpaka machozi. Yeye akaniuliza kama goti limefika juu.

Goti lenyewe, la kulia, ni bovu. Siku hizi bibi anaswali ameketi kwenye kiti kwa ajili ya goti hilo. Ningeweza kusema mguu wa kushoto. Sikufikiria hata kidogo, na hilo nadhani ndilo baya kuliko uongo wenyewe, kwa sababu uongo niliufikiria.

Risala ilikuwa inamtaja Afande Mkuu wa Kikosi mara tatu. Bibi alifanya mazoezi asubuhi na jioni, mama akienda kuchota maji, amevaa kandambili, kuku wakikimbia kila akitua. Nilimrekodi kwa simu ya mama, nikarusha kwenye grupu la darasa, nikafuta kabla mama hajaona. Jumatatu nilipoingia darasani safu nzima ya nyuma ilisimama, ikakanyaga. Paa! Nikapokea heshima yangu kama mkuu wa kikosi. Rafiki yangu ninayekaa naye dawati moja hakucheka. Aliniuliza, "Bibi yako anajua ni utani?" Nikamwambia atulie, siku ikikaribia nitautoa.

Zikabaki siku mbili, nikajaribu kuutoa.

"Bibi, ile ya mguu tuiache. Sema tu maneno."

"Kwa nini tuiache?"

"Tuiache tu. Utachoka."

"Sichoki. Haya." Akaanza vizuri, bismillahi, salamu kwa meza kuu, mpaka akafika pale. "Afande Mkuu wa Kikosi..." Akasimama. Mguu haukunyanyuka na neno lililofuata halikuja. Akarudia. Akakwama palepale. Mara ya tatu akakasirika, akakanyaga, na maneno yote yaliyobaki yakamiminika mpaka mwisho.

"Unaona?" akasema. "Usinivuruge, mke mwenzangu. Imeshakaa."

Pale ndipo palikuwa mahali pa kusema. Sentensi yenyewe ilikuwa fupi: bibi, nilikudanganya. Nilimwambia, "Haya basi," nikaenda kuoga.

Siku yenyewe tulifika Handeni mapema, mama, bibi na mimi. Bibi alivaa ushungi mweupe na viatu vya kufunika ambavyo mama alimtafutia, vikubwa kidogo. Kambini kulikuwa na maturubai mawili, meza kuu yenye kitambaa cha kijani, na katikati uwanja uliofagiliwa mpaka mistari ya fagio inaonekana. Waliopandishwa vyeo walikuwa mstari wa mbele wa gwaride, mjomba wa tatu kutoka kulia. V zake mpya zilikuwa zinang'aa. Alikuwa kama hatua kumi kutoka kwenye kipaza sauti.

Mshereheshaji akamwita mzazi. Bibi akatembea peke yake mpaka pale. Sauti yake ilitoka safi kuliko hata uani. Nikasikia askari mmoja nyuma ya turubai anasema, "Mama yupo vizuri." Halafu akafika pale penye cheo.

"Afande Mkuu wa Kikosi." Paa.

Kwenye maturubai watu walicheka kidogo, kicheko kile cha kupenda, kama cha kumwona mtoto amevaa koti la baba yake. Mkuu wa kikosi akatabasamu. Gwaride halikucheka, gwaride halichekagi. Nikajiambia, basi, imepita, hata wamefurahi.

Ya pili alinyanyua goti juu zaidi, kwa sababu watu walikuwa wamefurahi. Akatua vibaya. Niliona uso wake ukikunjika, akameza, akaendelea. Mama, aliyekuwa kando yangu, akaninong'oneza bila kunitazama, "Nani kamwambia afanye hivyo?" Mdomoni nilikuwa nasema, bibi usifanye ya tatu, ruka, sema tu.

Ya tatu goti lilikataa. Mguu ulipanda, ukashuka, na bibi akashuka nao. Alianguka polepole, mkono mmoja chini, mwingine bado umeshika mlingoti wa kipaza sauti, na kile chuma kikaanguka naye, kikapiga yowe kwenye spika.

Mjomba hakutikisika.

Mama yake alikuwa chini, hatua kumi mbele yake, ushungi umemfunika uso, na yeye alikuwa anatazama mbele, kidevu juu, mikono imenyooka, kama hajaona. Kwenye gwaride mtu hatoki bila amri. Aliyekimbia ni mama. Aliyefika wa kwanza ni mkuu wa kikosi mwenyewe, alitoka meza kuu, akapiga goti, akamwinua. Mimi nilibaki nimekaa. Sikuwa na amri yoyote ya kunizuia.

Wakamletea kiti. Bibi akakataa kuondoka kabla hajamaliza. Akamalizia sentensi zilizobaki ameketi, sauti imekuwa ndogo. Makofi yalikuwa mengi sana, yale makofi ya watu wanaotaka jambo liishe.

Kwenye chakula mjomba alikuja na magwanda yake mapya, akachuchumaa mbele ya kiti cha bibi.

"Shikamoo mama. Umeumia?"

"Marahaba. Nisamehe, mwanangu. Ya tatu sikuimaliza."

"Ya tatu ipi?"

"Ya kukanyaga. Msimseme mke mwenzangu, alinifundisha taratibu zenu zote, kahangaika na mimi wiki mbili. Goti ndilo limekuaibisha."

Mjomba akanigeukia. Nilikuwa na paja la kuku mkononi. Sijui kwa nini nalikumbuka lile paja, nadhani kwa sababu nilishindwa kulila na nilishindwa kuliweka.

"Umekanyaga vizuri, mama," akasema. "Kuna makuruta hawakufikii." Halafu kwangu, "Njoo tukachote maji."

Hapakuwa na maji ya kuchota. Tulisimama nyuma ya bwalo.

"Nilikuwa namwona," akasema. "Kwa pembe ya jicho."

"Naomba unisamehe, mjomba."

"Hutamwambia kwamba ulikuwa mchezo. Akijua alikuwa anachezewa mbele ya kikosi changu, hatakanyaga tena hapa, hata nikizikwa. Umeelewa?"

"Lakini askari hawakucheka, mjomba."

"Ndiyo," akasema. "Hawakucheka." Akarudi ndani.

Goti lilivimba. Kila siku nikirudi shule nilimkanda kwa maji ya moto na kitambaa, na yeye akawa anahadithia majirani: mkuu wa kikosi alivyomshika mkono, alivyomwita mama. Hapo nilikuwa navumilia. Nilichoshindwa kuvumilia ni wiki ya pili, nilipotoka asubuhi na sare ya shule nikamkuta uani ameshika ukuta, ananyanyua mguu. Taratibu, bila kukanyaga kwa nguvu. Anafanya mazoezi. Mjomba akipandishwa cheo tena, akasema, safari hii hatomwaibisha.

Nikatafuta uongo mwingine. Ndiyo kipaji changu.

"Bibi, hujasikia? Jeshi limebadilisha taratibu. Siku hizi wazee hawakanyagi tena."

Akashusha mguu. "Wamebadilisha lini?"

"Juzi juzi tu."

Akakaa kwenye kigoda. Nilidhani atafurahi. Alikuwa anaangalia viatu vyangu.

"Wamebadilisha kwa sababu nilianguka?"

Nikasema hapana. Nilisema hapana mara nyingi mno, na kila nikisema niliona anaamini kinyume chake. Jeshi zima limebadilika kwa goti lake. Nikaketi chini na sare yangu, nikamwambia. Yote: mguu, paa, video, grupu, siku ile niliyokwenda kuoga badala ya kusema. Na kwamba mjomba alijua palepale, akanikataza.

Hakunirushia gunzi. Alikuwa analipapasa goti lake, mpaka nikajua somo la kwanza limenipita.

"Kwa hiyo hawakanyagi," akasema mwishowe. "Hata zamani."

"Hawakanyagi, bibi."

"Na yeye alinisifia."

"Ndiyo."

"Basi usimwambie umeniambia."

Jioni mjomba alipiga simu kumuuliza hali. Bibi hajui kubonyeza, kwa hiyo simu huwa naishika mimi, nimeweka sauti ya juu, karibu na mdomo wake. Akamwambia goti linaendelea vizuri. Halafu akasema, "Nimesikia mmebadilisha taratibu huko. Siku hizi wazee hatukanyagi."

"Ndiyo, mama," mjomba akasema. "Tumebadilisha."

"Mmefanya vizuri."

Akaniashiria nikate. Mkono ulikuwa umechoka, lakini niliendelea kuishika ile simu palepale mbele ya mdomo wake, hata baada ya kukatika, kwa sababu sikujua nikiishusha nitaangalia wapi.