Farasi Mweupe wa Bwana Elmer

Nikisikia harufu ya dawa ya kuchua viungo, ile kali inayowasha macho, huikumbuka nyumba ya Bwana Elmer kule Crystal, mji mdogo wa Minnesota, Marekani. Mama alikuwa akimhudumia mzee huyo: kumwogesha, kumpikia, kumkanda magoti. Shule zikifungwa kwa sababu ya theluji, alinichukua kazini, akinionya njiani, "Usiguse kitu, na ukiulizwa, jibu kwa adabu."

Bwana Elmer alikuwa na miaka tisini na kitu, mrefu hata akiwa ameketi. Ukuta wa sebule yake ulijaa picha za wanaume wenye kofia pana, nami nilidhani ni jamaa zake. Kumbe alikuwa mwongozaji wa filamu za makauboi. Alianza Hollywood kwa kusafisha mazizi ya farasi wa studio, akawa msaidizi, mwisho akakabidhiwa filamu zake mwenyewe. Watu walizipenda miaka mingi, kisha wakachoka na makauboi, naye akarudi kwao Minnesota.

Nilipomtajia Baba jina la filamu moja nililolisoma chini ya picha, aliweka kijiko mezani. Baba aliuza nguo, mtu wa Mombasa asiyeshtushwa na mengi.

"Aliyeitengeneza yuko hapa? Crystal?"

Mama alikataa kata kata kumpeleka. "Wataka nifutwe? Pale ni kazini, si kwa shangazi yako." Baba akabembeleza, mpaka Bwana Elmer mwenyewe aliposikia habari hiyo na kusema aje.

Jumamosi Baba alivaa koti lake la Idi. Alisimama sebuleni kama mwanafunzi, akamweleza mzee kwa Kiingereza chake cha taratibu jinsi farasi mweupe alivyoruka na mpandaji wake kutoka juu ya mwamba mrefu hadi mtoni. "Kule Mombasa, nikiwa mtoto, sinema nzima tulisimama. Tulipiga makofi hadi tukatishiwa kutolewa nje."

Bwana Elmer alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, bila kupandisha sauti, "Farasi yule alikufa."

Mama, aliyekuwa akikunja taulo, akageuka kumtazama.

"Mwenye farasi aliniambia maji ya mto ni machache. Nikamwambia kamera ziko tayari. Mpandaji alitoka na mguu uliovunjika. Filamu ile ndiyo iliyonipa jina, nikapewa nyingine, na nyingine."

"Sisi hatukujua, mzee," Baba alisema.

"Mimi nilijua."

Tulirudi nyumbani. Niliamini kwamba wamegombana, na kwamba Baba ameharibiwa kitu chake cha utotoni. Kwa hiyo nilishangaa Jumamosi iliyofuata alipovaa buti akaenda tena, peke yake, amebeba mahamri. Aliendelea hivyo mpaka mzee alipofariki, theluji ikiyeyuka. Mama, aliyekuwa akiwasikia kazini, anasema hawakuzungumzia filamu tena. Walizungumzia magoti, baridi, na jinsi ya kuwazuia kindi wasimalize chakula cha ndege.

Siku hizi naona kwamba mzee alikuwa amesifiwa maisha yake yote na watu wasiojua walichokuwa wakikisifia. Baba alikuwa wa kwanza kupiga makofi, kuambiwa ukweli, na bado kurudi kubisha hodi. Hivi majuzi nilimuuliza kwa nini alirudi.

"Mtu amenieleza aibu yake mbele ya mtoto wangu," akasema. "Ningemwacha akae nayo peke yake?"