Chausiku na injini yenye pumzi mbili

Jua la Bunju halijaanza kuchoma, na Chausiku Twaha ameshaingia chini ya lori la Fuso gereji. Miguu tu ndiyo inayoonekana, lakini sauti inafika barabarani. "Nani kachukua spana yangu? Irudi, leo sina utani!"

Kweli hana. Mchana huu lori hili, la Mzee Valerian, litapanda kilima cha Wazo likiwa limejaa mchanga. Likishindwa, Chausiku, mwanamke pekee hapa, atafungasha virago. Ndivyo alivyoapa Fundi Nurdin, mwenye gereji, tangu injini nyingine ilipompasukia binti huyu.

Lori lina turbo, kifaa kinachozungushwa na moshi wa injini ili kiisukumie hewa. Mlimani, mwendo ukipungua, moshi hautoshi na turbo inachelewa. Chausiku ameongeza supacha, pampu ya hewa inayozungushwa kwa mkanda wa injini, isukume hewa tangu gari linapong'oka.

"Wake wawili chungu kimoja!" Nurdin anamkejeli. "Watakivunja."

"Mbona wewe unao wawili, fundi?"

Gereji nzima inaangua kicheko. Nurdin mwenyewe anauma midomo asicheke.

"Ile injini ya kwanza niliziacha zote mbili zisukume bila kipimo," Chausiku anasema. "Nilikosea, sikatai. Ila mie kukosea hakunifungi mikono." Safari hii ameweka mlango wa hewa: turbo ikishika kazi, supacha inapumzika.

Desturi ya hapa, fundi aliyefungua injini hukaa juu ya mzigo na gogo mkononi. Gari likizima mlimani, yeye ndiye huruka kuzuia tairi. Mchana, mchanga ukishapakiwa, Chausiku anamkabidhi Nurdin gogo.

"Kwa heshima yako, fundi. Mwenye wasiwasi ndiye abebe."

Anapanda mbele, pembeni ya Valerian aliyeshika usukani. Katikati ya kilima injini inashusha sauti. Juu ya mzigo, Nurdin anasimama tayari kuruka.

"Linazima, mwanangu!" Valerian anataharuki.

"Kanyaga, mzee! Usiachie!"

Turbo inapiga mluzi. Lori linavuta, linavuta, mpaka juu. Chausiku analia waziwazi, wala hajifuti.

Nurdin anashuka, mchanga umemjaa hadi masikioni. "Haya, umeniweza. Utabaki."

"Ahsante, fundi. Sibaki."

Anataka gereji yake mwenyewe, na keshaongea na mwenye kiwanja. "Kufukuzwa sikutaka," anasema. "Kuondoka nataka. Wala siendi mbali. Nahamia ng'ambo ya barabara, tutazamane kila asubuhi."