Kitambaa Juu ya Kompyuta

Mamangu alinifumia kitambaa cheupe cha kufunikia kompyuta, kama vile vinavyofunika redio na televisheni za majirani zetu wote. Alipofariki sikukiondoa tena, hata nikiwa nachapa kazi za watu. Ndani ya kompyuta hiyo mna sauti yake akiimba nyimbo za kuchambua karafuu. Jioni moja nilimwachia simu kando yake ikirekodi, kisha nikaihamishia sauti kwenye kompyuta. Simu ikaja kuibiwa, sauti ikabaki humo tu. Nilikuwa nikijiambia nitamrekodi tena. Mtu hudhani mama yupo siku zote.

Juzi umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo. Mtaa mzima ukashangilia, nami mbio kuwasha kompyuta. Pa! Harufu ya kuungua, kisha kimya. Nikabonyeza kitufe mpaka kidole kikauma. Nililia kama siku ya mazishi, na sioni haya kusema.

Asubuhi niliifunga kompyuta kwa kanga, nikaipakata mpaka kwa fundi wa kompyuta mjini Konde. Akachomoa kisanduku cha ndani kinachogawa umeme. Kilikuwa kimeungua, kimejaa vumbi na nyuzi nyeupe.

"Bi, hichi kitambaa hukaa juu yake hata ikiwaka?"

"Hukaa. Kanifumia mamangu."

"Basi ndo ikakosa pumzi. Na umeme ukirudi, usikimbilie kuwasha. Ungoje utulie."

"Na sauti ya mamangu je?"

"Kilokufa ni hichi tu, inshaallah."

Hiyo inshaallah ilinikata maini. Akafunga kisanduku kipya, akaniuzia na frijigadi, kidude kinachouzuia umeme mpaka utulie. Akabonyeza, feni ikazunguka. Nikamwomba afungue rekodi hapo hapo. Kungoja mpaka nyumbani nisingeweza.

Mama akaanza kuimba. Ah, nilivyokuwa na hamu naye! Nilitamani hata yale makelele yake ya kunihimiza. Kila siku nilikuwa nikiizima rekodi wimbo ukiisha, lakini safari hii sikuthubutu kugusa kitu. Wimbo ukaisha. Zikasikika sinia zikisogezwa, halafu yeye, kwa sauti ya kupaza:

"Mwanangu we! Njoo ule, chakula chapoa!"

"Labeka, mama!" nikaitika mbele ya wateja wote, na nilikwisha nyanyuka kwenye kiti.