Pamba Juu ya Ukuta wa Mama Mkwe

Fundi Blanketi haanzi kazi bila kulala kwanza. Sisemi kulala kwake usiku, kama wewe na mimi. Nasema kulala kazini, mchana kweupe, chali katikati ya sebule ya mteja, viatu kavivua, shavu moja kalilowesha maji. "Nasikiliza nyumba," husema. Mteja humtazama mkewe, na mke hutazama mlango. Lakini shavu lenye maji halidanganyiki. Upepo mwembamba ukipenya chini ya mlango, linaukamata. Joto likishuka kutoka kwenye bati, linalipokea. Kisha macho humlegea, husinzia kidogo, na akiamka anajua pa kuanzia.

Kazi yake ni kuvisha nyumba. Nyumba mpya, kwa maneno yake, huzaliwa uchi: plasta haijakauka na tayari jua limeshapewa ufunguo. Hizo huziwahi, akaweka mabamba ya povu ndani ya kuta kabla hazijafungwa. Nyumba kuukuu ni habari nyingine. Zina kifua kipana na kichwa wazi, kama wenyeviti wa kamati: kuta nene, lakini darini upepo unafanya mikutano. Hizo huzivisha taratibu: dari kwanza, halafu kingo za madirisha, halafu mabomba ya maji moto, ambayo huyavalisha soksi za sponji kama miguu ya mtoto mchanga. Pamba ya kioo anayotandaza darini inawasha ajabu. Fundi Blanketi hujikuna harusini, hujikuna msibani, na watu wameshazoea.

Ana fahari moja tu: hajawahi kuacha tundu.

Fahari hiyo ndiyo aliyoipeleka kwa mama mkwe wake. Bibi huyo anakaa kwenye nyumba kuukuu ya pacha: paa moja, ukuta mmoja katikati, milango miwili. Upande wa pili anakaa mdogo wake, ambaye familia nzima humwita Mama Mdogo. Madada hawa hawajasalimiana tangu mama yao alipofariki akaacha cherehani moja na mabinti wawili. Wakikutana nje, kila mmoja hutazama mawingu kana kwamba ndiye aliyeyaagiza.

Baridi ilikuwa inamla mama mkwe magoti. Fundi akapanda darini, akakuta ule ukuta wa katikati unaishia kwenye dari. Juu yake uwazi mtupu, upande hadi upande. Akatikisa kichwa kama daktari aliyeonyeshwa ulimi mbaya. Akatandaza pamba upande wote wa mkwewe, kisha akaisimamisha juu ya ukuta mpaka ikagusa bati, akaikandamiza hadi mende akitaka kwenda kwa jirani ilimbidi apitie barabarani.

Nyumba ikapata joto tamu. Magoti yakatulia. Na mama mkwe akaanza kunyauka.

Chai ilipoa mbele yake. Redio aliwasha akazima. Mwisho akavuta sanduku kutoka uvunguni, akatangaza kwamba Jumamosi anahamia kwa mwanawe, mbali huko, kwenye ghorofa lenye lifti anayoiogopa kama simba.

"Mama, baridi imerudi?" akauliza kwa simu, spika wazi, binti yake, ambaye ndiye mke wa fundi.

"Baridi? Hamna. Nyumba nzuri sana. Kama jeneza lenye godoro."

Mke akakata simu, akamgeukia mumewe. "Umesikia? Mama akipanda basi Jumamosi, na wewe utafute pa kulala."

"Mimi nimekosa nini? Nimeziba kila tundu!"

"Basi kaangalie ulichoziba."

Wakaenda wote wawili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kunibebea sanduku?"

"Nimekuja kulala kidogo."

"Lala, baba. Humu kila kitu kimelala."

Akajinyoosha sakafuni, shavu limelowa. Hakuna upepo. Hakuna joto linaloshuka. Kimya kilikuwa kinene na cheupe, kama kuwa ndani ya yai. Akasinzia, akaota amegeuka nyumba: ana madirisha mbavuni, na watu wawili wanagonga masikioni mwake, mmoja kila upande, na masikio yamejaa pamba. Akaamka anajikuna.

Akapanda ngazi, akatambaa hadi kwenye ukuta wa katikati, akavuta kipande kidogo cha pamba kwa vidole viwili. Sauti ya Mama Mdogo ikapenya, ya mtu anayeongea peke yake huku anapanga vyombo:

"Vitunguu naviunguza makusudi kila siku, na kuna watu hawasemi kitu. Wameota mapembe. Au wamekufa, Mungu wangu, na nani wa kumuuliza?"

Fundi akaganda. Kumbe miaka yote hiyo madada walikuwa wakiongea. Si wao kwa wao, thubutu! Walikuwa wakiiambia dari, na dari, kwa uungwana wake, ilikuwa ikifikisha.

Aliitazama kazi yake, safi, haina hata tundu. Ikamwasha kuliko pamba yenyewe. Kisha akang'oa bonge zima, na baridi ikamlamba shavu kama ndama.

Chini, mama mkwe akainua pua.

"Kuna watu wanaunguza vitunguu!"

Upande wa pili sufuria ikaanguka.

"Kuna watu wana pua ndefu kwa chakula wasichoalikwa!"

"Kuna watu wanashonea cherehani ya wenzao!"

"Kuna watu walinyamaza mpaka wengine wakalia!"

Upepo mwembamba ukapita tunduni.

"Walie nini," akasema mama mkwe, sauti imeshuka, "watu wazima na mvi zao."

Sanduku likasikika likiburutwa kurudi uvunguni.

"Baba watoto, umemaliza?" mke akaita kutoka chini ya ngazi.

"Mwache," akasema mama yake. "Na asizibe. Nitavaa soksi."

Fundi hakusikia. Alikuwa amelala pale pale juu ya pamba, shavu tunduni, na maneno ya wale madada yakipita juu yake, huku na huko, huku na huko, kama watu wanaotandika kitanda.